Boksi la Baridi Kutoka Mbeya

Nilitoka Songea kwa sababu ya dada yangu Tekla. Alikuwa amekonda vibaya, na daktari hakutaka kumwanzishia dawa kabla hajapimwa CD4, yaani wingi wa chembe nyeupe za kinga katika damu. Kipimo kilikuwa kimekwama. Maabara yetu iliishiwa kingamwili, ile dawa ya kupimia inayonasa alama kwenye utando wa chembe nyeupe za damu ili mashine izihesabu. Mimi nilikuwa mhudumu wa maabara hiyo, nikatumwa kuifuata Mbeya.

Mbeya, asubuhi, mtaalamu alinikabidhi kichupa kisichozidi kidole gumba, ndani ya boksi la baridi.

"Kisipate joto, kisigande. Kikiharibika, kwa macho hutajua."

Maneno hayo yalininyima raha. Makambako, Njombe, kila basi liliposimama nililipapasa lile boksi, roho juu juu.

Madaba, jua la mchana, rejeta ya basi ikapasuka. Nilijibanza kivulini, boksi mapajani. Mara wakaja akina mama na watoto mgongoni, wakapanga foleni mbele yangu. Boksi la namna ile walilijua: la chanjo.

"Pole na safari, bwana chanjo. Hawa bado hawajachomwa surua."

"Si chanjo, mama. Ni vitu vya hospitali."

"Basi fungua tuone. Mbona unatuficha?"

Mmoja akashika kifuniko. Kufungua kungeingiza joto; kueleza kungenilazimu kutaja ugonjwa ambao hata nyumbani sikuutaja. Nikalikumbatia boksi.

Bibi mmoja akanikazia macho. "Mwacheni. Huyu ana mgonjwa."

"Shikamoo, bibi," ndilo pekee nililoweza kusema.

Wakatawanyika wakinung'unika. Basi likatengenezwa, tukaondoka.

Songea, kesho yake, fundi wa maabara alijaribu kwanza damu yake mwenyewe. Chembe zikahesabika, kingamwili ilikuwa nzima. Nikashusha pumzi. Kisha ikaja zamu ya Tekla, na namba iliyotoka ilikuwa ndogo mno.

"Anaanza dawa leo," daktari akasema.

Tuliporudi nyumbani Mshangano, mama alikuwa akipepeta mahindi.

"Mmetoka wapi, wanangu?"

Nikaanza kutafuta uongo. Tekla akanitangulia: "Hospitali, mama. Nina ukimwi. Nimepewa dawa."

Mama akaweka ungo chini.

"Zinanywewa kabla ya kula au baada?"

Ndipo nilipojua kwamba katika nyumba ile mwoga nilikuwa mimi peke yangu.