Udi na Panya wa Jumamosi

Kazi yangu ni kutunza panya. Nikisema hivyo kwetu Mji wa Kale watu hucheka, nami huwaacha wacheke, sina muda wa kumweleza kila mtu. Ni panya weupe, wako chumba cha nyuma cha maabara moja hapa kisiwani, na tunajaribia dawa za huzuni. Ile huzuni ya miezi, mtu hata kitandani hataki kuondoka.

Wako mafungu matatu. La kwanza nalisumbua kila siku: kizimba nakiinamisha, pumba wanazolalia nazilowesha, taa naiwasha wamelala. Siipendi sehemu hiyo lakini naifanya sawasawa. La pili nalisumbua vilevile, ila hili linapewa dawa. La tatu tunaliacha na raha zake. Kila Jumamosi asubuhi nawawekea wote chupa mbili kwa saa moja, maji matupu na maji ya sukari, kisha napima kilichonywewa. Panya mwenye raha hukimbilia sukari. Aliyevunjika moyo haoni tofauti.

Jumamosi ya nne, wale wa raha wakaiacha sukari. Ya tano pia. Daktari, yule mama anayeongoza utafiti, alibadilisha sukari, akachemsha chupa, akakagua mizani. Wapi. Akaniambia ya sita ikiwa hivyo, hatuna cha kulinganisha nacho: wiki zote zimepotea, na panya wote watauawa tuanze na wengine.

Mimi kungoja siwezi. Jumanne nikakaa mbele ya vizimba nikiwatazama tu, nao wakaja kunusa vidole vyangu. Jumamosi iliyopita walikuwa wamejibana pembeni. Mtu ni mimi yule yule, sasa kimebadilika nini? Nikakumbuka msimu wa arusi ulianza wiki ya nne. Kila Ijumaa niko arusini, mamangu amenifukiza udi nywele na buibui, na Jumamosi naja kazini na buibui lilo hilo.

Nilijua naweza kufukuzwa. Nikaenda hivyo hivyo.

"Daktari, nadhani ni mimi."

Akanisikiliza hadi mwisho. "Kudhani hakutoshi," akasema. "Jumamosi njoo bila harufu, tuone."

Ijumaa hiyo ilikuwa arusi ya binti wa mama mkubwa, alasiri. Kwetu chetezo cha kufukizia udi hupitishwa mwanamke kwa mwanamke, kila mmoja anakiweka chini ya nguo moshi umwingie. Mimi nilikaa kwenye baraza ya nje, nikala biriani yangu huko. Shangazi akatoka kuninusa.

"Mwanangu, wanuka sabuni ya kufulia. Umekuja arusini ama msibani?"

"Mwache," mwingine akadakia kutoka ndani. "Yuwaogopa wakweze wa mikia."

Wakacheka ukumbi mzima. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nikarudi nyumbani mapema, nikaosha nywele mara mbili kwa sabuni ya kipande, na asubuhi nikavaa buibui nililolifua na kulianika darini, juu ya nyumba, tangu Jumatano.

Nilipotoa chupa za fungu la raha, za sukari zilikuwa nyepesi mkononi hata kabla ya mizani. Nikapima, nikapima tena. Wa dawa nao, wengi walikuwa wamerudia sukari. Wale tuliowasumbua bila dawa bado hawakujali. Kazi ilikuwa imeokoka. Nilitaka kupiga vigelegele lakini ningewashtua.

Daktari akafungua daftari, akazikata Jumamosi zile mbili kwa kalamu nyekundu. Akasema sababu lazima iandikwe, na jina la aliyegundua.

"Na aliyeharibu je?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Ni mtu huyo huyo."

"Basi andika yote mawili."

Akaandika yote mawili, na mimi nikatia sahihi chini.

Nilimhadithia mamangu. Alienda kutafuta nyundo, akapiga msumari karibu na mlango wa darini, mbali na kabati lake la udi. Hapo ndipo linapotundikwa buibui la kazi, na mtu haligusi.