Mzee wa Alhamisi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwandishi wa mapenzi. Gazeti moja lilinipa nusu ukurasa kila wikendi, nami nikaujaza wasichana waliolia kwenye vituo vya basi na wanaume waliochelewa kujua thamani yao. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akikata nyama katika bucha moja Soko la Burma, na raha yake kubwa ilikuwa kuniletea matumbo yaliyofungwa ndani ya hadithi zangu. "Siz, leo umebeba matumbo poa sana," alizoea kuniambia mimi dada yake, akiweka furushi mezani. Nilimfokea kila mara. Hasira zangu ziko karibu, na ndizo zilizonipeleka redioni. Mhariri aliponiambia kwamba hadithi zinaondolewa ili matangazo yapate nafasi, nilitoka bila kuaga nikaenda moja kwa moja kuomba kuandika michezo ya redio, kazi ambayo sikuijua hata kidogo.

Mtayarishaji wa michezo alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na subira ndogo zaidi. Alisoma ukurasa wangu wa kwanza akiwa amesimama.

"Umeandika macho yake yalijaa huzuni. Nani atayaona?" aliniuliza. "Redioni, asiyesikika hayupo. Mnyamazishe mtu kurasa mbili, msikilizaji atadhani amekufa. Nenda unitafutie mtu anayesikika. Na wasizidi waigizaji wanne, sina pesa."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Tulikuwa tukikaa Makongeni, nyumba ya vyumba viwili ya shirika la reli, ambayo baba alipewa kwa sababu ya kazi yake ya karakana. Baba alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka huo. Alikuwa amelazwa kwa siku chache tu, na asubuhi ile mama alikuwa nje ya lango la hospitali na uji ndani ya chupa, akisubiri saa ya kuona wagonjwa ifike. Walipofungua alikuta kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu wetu aliyekuwa pale kusikia kama alisema lolote. Tulimzika nyumbani, magharibi, tukarudi Nairobi, na mama hakulia tena mbele yetu. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mfanyakazi na mfanyakazi hayupo, tulipewa hadi mwisho wa mwaka tuhame.

Usiku huo nilijiuliza ni nani ninayeweza kumsikia nikifumba macho. Jibu lilikuwa moja. Baba hakuwa msemaji, lakini nyumba nzima ilijua alipo. Alivuta kiti kwa kukikwaruza sakafuni. Chai ikimwishia aligonga kikombe kwa kijiko, mara mbili, bila kuomba. Nikaandika mzee wa namna hiyo, mstaafu mkali kidogo anayeishi na wanawe wawili, na mpangaji mmoja mbishi. Hao ni wanne. Mke nilimwondoa kwa mstari mmoja: alikufa zamani. Sikufikiri mara mbili. Nilikuwa nahesabu waigizaji.

Mchezo ulianza kusikika Alhamisi jioni, kabla ya taarifa ya habari. Tulikaa sote watatu kuusikiliza. Kiti kikakwaruza. Mdogo wangu akanitazama.

"Siz, huyo si mbuyu, si baba yetu?"

Kabla sijamjibu kijiko kiligonga kikombe, na mama, aliyekuwa akichambua mboga, aliweka ungo chini, akaenda jikoni, akarudi na birika. Alifika hadi kwenye kile kiti kitupu cha baba, akasimama. Kisha akajimiminia yeye mwenyewe na kuinywa chai akiwa amesimama palepale.

Lililonitisha zaidi lilikuja baadaye kidogo. Mzee alikohoa kabla ya kusema, kikohozi kifupi kikavu, kama mtu anayebisha hodi kwenye mazungumzo. Ndivyo baba alivyokuwa akikohoa, lakini mimi sikukiandika. Nilipokutana na mwigizaji nilimuuliza alikitoa wapi. Alikuwa kijana wa watu, hakuwahi kumwona baba. Alisema hajui, kilimjia tu alipoketi.

Wasikilizaji wakampenda mzee. Mtayarishaji aliyenifukuza na ukurasa mmoja sasa alikuwa akiniomba vipindi zaidi, na mtu mwingine aliniuliza kama ningeweza kujaribu tamthilia ya jukwaani. Nilikuwa nimevuka kutoka hadithi hadi mchezo, nami nilifurahi mno, sitaficha. Nyumbani furaha hiyo niliiacha mlangoni. Mama alikuwa ameacha kwenda kusali na jumuiya ya kanisa siku ya Alhamisi. Alioga mapema, akavaa kitenge cha kutokea, akapika chai nyingi kuliko tuliyoweza kunywa. Novemba ilipoingia majirani walikuwa wameshaanza kutuuliza tunahamia wapi. Nilikuwa nimepata nyumba Mowlem, vyumba viwili vyenye mwanga, nikalipa kabisa. Mama hakufunga hata sufuria moja.

"Mimi sitoki hapa," alisema. "Baba yenu akikuja Alhamisi atupate wapi?"

"Mama, ni redio. Tutaibeba."

"Redio mtabeba. Nyumba je? Yeye anajua hii."

Mdogo wangu alinivuta kando ya mlango. "Mathe akili inaenda, siz. Na ni wewe unamleta huyo mtu kwa hii keja. Mtoe."

Nilimwambia afunge mdomo wake, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kumtoa mzee kulikuwa kujikata mkono niliokuwa nikilia chakula. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu: mimi pia niliisubiri Alhamisi. Lakini kumwacha kulikuwa kumwacha mama amekaa ndani ya nyumba isiyo yetu hadi watu waje kumtoa kwa nguvu. Nilipiga moyo konde. Nikamkuta akikunja nguo, nikamwambia wiki hiyo nitaandika mzee akifa.

Hakushtuka. Alimaliza kukunja shati moja la baba ndipo akaongea.

"Huko kwa redio, ni mimi nilikufa."

Kumbe kila Alhamisi alikuwa akisikia ule mstari wangu mmoja.

"Mama, ilikuwa mambo ya waigizaji—"

"Najua. Sikukasirika. Lakini ile siku nilikuwa kwa gate na uji. Sasa wewe ndiye unaandika. Niandike nikiwa hapo. Ukifanya hivyo, mimi nitafunga mizigo."

Mwigizaji wa tano nisingepewa, na mke alikuwa ameshakufa. Nilikaa na karatasi hadi nikaona njia. Mzee anapokaribia kukata roho anamwona mkewe na kuongea naye. Yeye peke yake ndiye anayesikika. Baada ya kila swali niliacha ukimya.

"Huu ukimya ni wa nini?" mtayarishaji aliuliza. "Watu watafikiri redio zao zimekufa."

"Kuna mtu ataujaza."

Alimgeukia fundi wa sauti, akamwambia auache.

Alhamisi hiyo mama alivuta kiti chake karibu na redio. Mzee alikohoa. "Umefika?" aliuliza.

"Nimefika," mama akasema.

"Walikukataza kuingia?"

"Walinikataza. Lakini sikuenda mbali."

"Uji bado uko moto?"

Hapo nilikuwa nimemwachia mama ukimya mrefu kuliko yote. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Uko moto," mama akasema. "Kunywa."

Mchezo ukaisha, muziki ukapita, taarifa ya habari ikaanza, na mama alikuwa bado anaongea, polepole, anajibu maswali ambayo mimi sikuyaandika. Nilizima redio. Hakunyamaza.

Alitimiza ahadi. Jumamosi alifunga kila kitu, akiuliza kuhusu chombo kimoja kimoja kama tukibebe au tukiache, na hakutuuliza sisi. Alisubiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akakiweka ndani ya gunia au akakiacha ukutani. Mchana mkokoteni ulitangulia na mdogo wangu. Mimi nilibaki nyuma kufunga mlango ili nirudishe ufunguo. Niliuvuta mlango, nikaanza kuzungusha ufunguo, mama akanishika mkono.

"Ngoja, mwanangu," aliniambia kwa upole. "Baba yako bado anavaa viatu."

Nikaufungua mlango tena, nikasogea kando, nikangoja.