Neema wa Moshi

Jamani, mimi nilisimama kanisani, mbele ya wazee na watoto na kwaya nzima, nikataja jina lisilo langu, tena nimevaa kaptura ya baiskeli. Nimeanza na hilo kabisa ili mnaotaka kucheka mcheke sasa, maana huko mbele kuna aibu kubwa kuliko hiyo.

Naitwa Upendo, nakaa Elerai, mjini, na ugonjwa wangu ni baiskeli. Siyo ile ya kubebea ndoo, hapana, ni ya resi, tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za beberu, na kila Jumamosi mimi na wenzangu tunakwenda nayo Kisongo na kurudi. Sasa njia ya Kisongo naijua mpaka mashimo yake kwa majina, na mimi nikiona barabara imepinda nyuma ya kilima situlii mpaka nijue inakwenda wapi (mama yangu anasema umbea wa miguu ni mbaya kuliko wa mdomo, na nilikuwa namwona mwonevu).

Wakati huo mchumba wangu Elisante alishapeleka barua ya posa kwetu, ikajibiwa, ikapangwa Jumamosi ya wazazi wake kushuka kutoka huko juu ya Kikatiti, kwenye miteremko ya Meru, waje wanione rasmi. Mimi na mama yake tulikuwa hatujaonana hata kwa picha (hapendi kupigwa picha, anadai zinamnenepesha), na mnajua kwetu, binti hakanyagi kwa mwanamume kabla wazee hawajakutana. Nilichokuwa nacho ni maneno ya Elisante tu: nyumbani ni karibu na kanisa la Kilutheri, geti la bluu, kahawa mbele.

Basi ikabaki wiki moja, Elisante yuko porini anatembeza watalii, mimi kila nikilala naliona geti la bluu. Hivi mama mkwe anafugaje kuku? Ana maua? Jumapili asubuhi nikajiambia, Upendo, kwani unaingia? Si unapita tu barabarani kama mpita njia yeyote, na helmeti na miwani nyeusi, nani atakujua?

Nikatoka. Tengeru, Usa River, Kikatiti, halafu nikakata kushoto na kuanza kupanda, na hapo ndipo nilipojua kwamba vilima vile havina huruma: unapanda ulimi nje, ukifika juu unateremka kwa raha katikati ya migomba, upepo unakupiga kifuani, chini kuna kidaraja, na mbele ya kidaraja kilima kingine kinakusubiri. Kila kimoja nilisema hiki ndicho cha mwisho. Lakini sitadanganya (tena), nilifurahi mno, kila kona ilikuwa na kitu nisichokijua, na nilipoona msalaba wa kanisa na geti la bluu nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Ningepita pale mambo yangekwisha. Sikupita. Geti lilikuwa limefungwa, lakini lina tundu, nami nikashuka, nikainama, nikaweka jicho. Kahawa ipo. Kuku wapo. Nahesabu madirisha, nikasikia nyuma yangu, "Binti, umepotea?"

Nikageuka. Mzee mwenye koti, Biblia kwapani.

"Shikamoo baba! Naomba... naomba maji."

"Marahaba. Hapo hawapo, wako ibadani. Maji yapo kanisani, na mimi ni mzee wa kanisa. Twende."

Ningekataaje? Nikanywa maji bombani, nataka kuaga, akanishika mkono: "Mungu amekuleta Jumapili na wewe unataka kuondoka?" Akaniingiza. Sasa viatu vyangu vina chuma chini, vya kunasa kwenye pedeli, na kanisa ni la sakafu ya saruji, kwa hiyo niliingia ko, ko, ko, ko mpaka benchi la tatu, watu wote wamegeuka, na kaptura yenyewe inabana halafu ina sponji nyuma, yaani ukinitazama unadhani nimeficha mkate. Mama mmoja wa makamo akavua begani khanga yake ya maua ya manjano, akanifunga kiunoni, akasogea nikae. Nilitaka kumbusu.

Nikatulia, nikasahau, mpaka kwenye matangazo. "Wageni wote wasimame, watuambie majina na watupe salamu za walikotoka." Mgeni nilikuwa peke yangu. Kichwa kikaniambia, ukisema Upendo wa Elerai, wiki ijayo kijiji kizima kinajua mchumba wa Elisante alikuja kuchungulia kwao amevaa mkate.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Naitwa Neema, natoka Moshi. Wanawasalimu sana."

Wakanipigia makofi ya ukaribisho, kwaya ikaimba. Ibada ilipokwisha yule mama wa khanga akaniambia, "Mwanangu, Moshi ni mbali, huondoki na njaa, nyumbani ni hapo tu." Nikamfuata nikiwa nasukuma baiskeli, tunapiga hadithi, ananichekesha, na mimi nampenda kweli, mpaka akatoa funguo mbele ya geti la bluu.

Nikaegesha baiskeli, nikaingia nyuma yake. Sebuleni picha ya Elisante ukutani, amevaa joho la kuhitimu, ananiangalia. Akanimiminia mtori wa ndizi na nyama, akasema, "Huyo ndiye mwanangu. Jumamosi tunakwenda mjini kumwona binti aliyemchagua. Nina wasiwasi, wasichana wa mjini siku hizi! Niombee, Neema, awe na adabu kama wewe."

Nilitakiwa kupiga magoti pale pale niseme, mama, nisamehe, ni mimi. Nikasema, "Nitakuombea, mama." Alipokuwa ananisindikiza nikaanza kufungua khanga, akanizuia: "Vaa, njiani kuna macho. Utairudisha ukipita tena."

Wiki ile sikula. Nilifikiria kumpigia Elisante, lakini huko porini simu hazishiki. Khanga nikaifua, nikaificha chini kabisa ya kabati.

Jumamosi ikafika. Mnajua mchezo wa shangazi zetu: binti hatolewi hivi hivi, wanafunikwa wasichana watatu khanga gubigubi, na upande wa mwanamume wachague wao ni yupi. Mimi nipo chumbani, shangazi akafungua kabati, akatoa khanga, akanifunika kichwani, tukapangwa sebuleni. Chini ya kitambaa nikaona maua ya manjano, na pindo lililoshonwa kwa uzi wa kijani. Mungu wangu! Nataka kuivua, shangazi akanifinya: "Tulia, bibi harusi!"

Mshenga akacheka, "Haya, mama, mkweo ni yupi?"

Ikajibu sauti ile ile iliyonikaribisha mtori. "Wa katikati."

Wakapiga vigelegele. "Umejuaje?"

"Sijajua kitu. Hiyo khanga ni yangu, uzi huo nimeshona mwenyewe."

Shangazi akanifunua. Vigelegele vikakatika, Elisante anatazama huku na huku, wazee wote wananitazama, na mama mkwe akauliza taratibu, "Leo unaitwa nani, mwanangu?"

Nilipiga magoti, nikalia, nikasema yote, tundu la geti, kuku, Moshi. Baba mkwe alishachukua fimbo yake waondoke. Mama akamwambia akae. "Maji aliomba kwa adabu, na chakula changu alikipokea kwa adabu," akasema. "Uongo alioutoa kanisani ataufuta kanisani."

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilipanda vilima vile tena, safari hii kwa gari, na gauni refu, na khanga nimeikunja mkononi. Wageni wakaitwa. Nikasimama, nikasema naitwa Upendo, natoka Elerai, nimekuja kurudisha khanga na kuomba msamaha. Nimeapa, barabara nitazichungulia mpaka nizeeke, lakini geti la mtu nabisha hodi, na ninataja jina langu kabla sijaulizwa.

Mama akasogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja, nikae. Ndipo yule mzee wa kanisa akakohoa pale mbele.

"Tumekupokea, binti. Na wale wa Moshi hawajambo?"