Betri Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Siku niliyobeba sigiri ya moto kuelekea kitanda cha mama yangu naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Kaa basi, Muhindo mwanangu, weka huo mkoba wa vyombo chini. Najua kesho unapanda gari kwenda Bwera kufunga sola kwa wakwe zako, na tangu uniambie sijatulia, nainuka nakaa, nainuka nakaa. Wasiwasi ndiyo akili, walisema. Sasa nisikilize, na usitazame simu.

Wakati ule mimi na babu yako Bwambale tulikuwa vijana, tumepanga chumba Kinyamaseke. Yeye alikuwa fundi wa sola, na sola zenyewe bado ngeni, watu wanakuja kutazama taa kama wanatazama bibi harusi. Mama yangu alikuwa mjane, anakaa juu Kyarumba na kaka yangu Thembo, katikati ya kahawa. Babu yako akasema, mama mkwe hawezi kuendelea kula moshi wa kibatari na mimi niko hai. Nilimpenda zaidi siku hiyo, sikufichi.

Vitu vikapanda mlima kichwani. Thembo alibeba paneli, babu yako betri, shingo imenyooka kama askari, maana betri za zamani zilikuwa na maji makali ndani na ukiziinamisha zinakuunguza. Kufika, ndipo shida. Mila yetu unaijua: mkwe haingii chumba cha mama mkwe, na kupanda juu ya paa lake ni kumtukana. Basi fundi mzima akasimama uani, anafunga sola kwa mdomo! Thembo, ambaye kazi yake ni kahawa, ndiye yuko juu ya bati. "Geuza kidogo. Siyo huko, we! Acha mteremko mvua isafishe vumbi." Betri akaagiza iwekwe sebuleni karibu na dirisha, mbali na moto, kwa sababu ikichaji inatoa hewa inayoweza kulipuka. Taa ikawaka, mama akapiga vigelegele, tukateremka.

Haukupita muda, mama akaanza kulalamika kila akiteremka sokoni. Taa imefifia. Halafu kifua, anakohoa, macho yanamwasha. Babu yako akauliza kwa adabu zote, "Mama, betri iko wapi?"

"Iko mahali pazuri, mkwe wangu."

"Pale tulipoiacha?"

"Iko salama."

Sasa mkwe ataongeza nini? Akamwambia Thembo afute paneli. Afute tena. Akate tawi linaloleta kivuli. Ugonjwa uko ndani ya nyumba, wao wanautafuta juu ya bati. Mimi usingizi ukanipotea. Nikamwambia mume wangu, twende, roho yangu inakataa kukaa.

Tulifika mchana, ukungu umeshuka, baridi ya kukata masikio. Thembo alikuwa shambani, mbali. Mama alikuwa amelala anatetemeka, na mlangoni alikuwepo jirani yake, Mama Kavira, mzee wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbia vita akaanza upya kwetu kwa kuuza samaki wa chumvi. Alikuwa amemletea uji. Nikaingia chumbani. Lo! Kulikuwa kunanuka mayai viza, na dirisha limezibwa kwa gunia. Nikadhani kuna panya amekufa. Mama akasema, "Masika, niletee sigiri hapa, baridi inaniua." Nikaenda jikoni, nikachochea makaa mpaka yakawa mekundu, nikabeba.

Kumbe babu yako kule uani alikuwa anafuata waya kwa macho. Akaona waya mwembamba umeungwa juujuu, unaingia dirisha la chumba cha kulala.

"Masika! Simama na moto huo!"

Nikasimama, mguu mmoja ndani. Yeye akakimbia mpaka kwenye mlango, na pale miguu ikakataa. Jasho linamtoka katika baridi ile. "Iko chini ya kitanda," akasema. "Itoe. Hapana, usiiguse, itakuunguza!" Na mama ndani analia, "Mkwe asiingie! Asiingie!" huku kikohozi kinamkata.

Mama Kavira akaweka bakuli chini. "Weye fundi, unasimama apo kama nguzo juu ya nini?"

"Mama, ni chumba cha mama mkwe."

"Nimeona. Sasa akikufa, utaingia kumubeba, ao utabakia inje na heshima yako?"

Hakungoja jibu. Akanigeukia: "Na weye, peleka ule moto mbali!" Akamfunika mama blanketi, akamtoa uani, akamkalisha ameupa mlango mgongo, asimwone mkwe. "Sasa kule ndani hakuna mukwe. Iko chumba tu. Ingia."

Babu yako akainamisha kichwa akaingia. Akang'oa gunia dirishani, akatoka kukata waya wa paneli, akangoja hewa ipite, ndipo akaikokota betri. Ilikuwa imevimba, ina joto kama sufuria, imefunikwa magunia ya kahawa, na ile harufu iliyomkohoza mama ilikuwa yake. Mama aliificha kwa kuogopa wezi, na Thembo aliyemuungia waya akakatazwa kusema. "Ningemwambiaje mkwe wangu kwamba nalalia kitu chake?" akasema. Mficha uchi hazai, mwanangu, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mama, bado ametugeuzia mgongo, akasema taratibu, "Mkwe wangu, tumeheshimiana mpaka karibu tuzikane." Babu yako akalia mbele yetu wote.

Sasa basi. Najua betri za leo hazina maji, umeniambia mpaka masikio yamechoka. Lakini watu ni wale wale. Mama mkwe wako ataogopa wezi, na betri itahamia kitandani au nyuma ya jiko, na wewe utaambiwa iko salama. Mfungie sanduku la chuma lenye matundu na kufuli, umwondolee hofu kabla haijamtuma kuficha. Usiondoke Bwera hujajua kwa hakika betri inalala wapi. Mila ikikuzuia, mwombe mama atoke uani, au mtume mkeo aingie na simu akupigie picha. Mila imekataza miguu yako, haijakataza macho ya mke wako. Na ukijibiwa "iko salama", uliza tena. Kuuliza si ujinga, na heshima ni kwa mtu aliye hai.

Haya, nenda. Mungu akutangulie barabarani, mikono yako ipeleke mwanga usiofuatwa na kilio, na mama wa watu aamke kila asubuhi ana nguvu za kukugombeza. Ukishaiona betri kwa macho yako, nipigie. Sitalala kabla hujapiga.