Mrithi wa Jina la Pelagia

Pelagia alizaliwa Nansio tarehe nane Oktoba, siku ambayo kalenda ya watakatifu ina mtakatifu wa jina hilo. Kwa hiyo padri hakuhangaika kufikiri, na baba yake, mzee Ndalahwa, hakuhangaika kuuliza. Jina ni la Kigiriki, na maana yake ni mtu wa bahari. Pelagia aliyasikia hayo ukubwani, kutoka kwa katekista wa Kirumba aliyependa kueleza mambo bila kuombwa. Akamjibu kwamba Wagiriki wamshukuru Mungu, hawakuwahi kuanika dagaa. Yeye aliolewa Kirumba, akaanika dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, kando ya ziwa, hadi uzeeni, na bahari hakuwahi kuiona.

Jina lenyewe lakini alilipenda, tena kupita kiasi. Mila ya kwao inajulikana: mtoto akipewa jina la bibi yake, baba humwita binti huyo "mama", humwamkia shikamoo, hamchapi, na mnofu mzuri wa samaki husogezwa upande wake. Jina likikosa mrithi, linafukiwa pamoja na mwenyewe. Hilo ndilo lililomkosesha Pelagia raha. Kifo hakikumsumbua sana, maana alishazika mume na akaona maisha yanaendelea. Alichokiogopa ni kutotajwa tena na mtu yeyote.

Watoto wake walimwahidi, na ahadi ni kitu cha bure. Binti mkubwa alijifungua akamwita mtoto Winnie, eti Pelagia ni refu mno kwa mtoto wa shule. Wa pili alimpa mwanawe jina la mwanamke wa kwenye tamthilia, yule aliyekuwa akiibiwa mume kila jioni baada ya taarifa ya habari. Mara zote mbili Pelagia alipeleka kanga na kuku, akapongeza huku amebana meno.

Akabaki Obedi, kitinda mimba, fundi wa injini za mitumbwi. Obedi alikuwa mtoto mtiifu, yaani alimtii yeyote aliyesema mwisho. Mkewe, Odeta, alijifungua binti, na kitovu hakijakauka mama yake Odeta akawasili kutoka Butimba na mabegi ya mtu asiyefikiria kurudi. Huyo ndiye Getruda. Naye hakuwa na mrithi wa jina.

"Mtoto apate jina la watu waliostaarabika," alisema Getruda, akiangalia vidole vya Pelagia vilivyoganda magamba. Getruda aliwahi kuuza maandazi jirani na chuo cha ualimu, na usomi ulimwambukiza.

Kisha mtoto akaanza kulia. Alinyonya akalia, akaogeshwa akalia. Zahanati wakasema hana ugonjwa wowote. Wazee wa ukoo wakatoa jibu lao, lile walilokuwa nalo tangu mwanzo: mtoto anadai jina. Huko kwao mtoto wa namna hiyo hupakatwa, akatajiwa majina ya wahenga wake moja baada ya jingine. Atakaponyamaza, ndilo hilo. Basi Jumapili ukoo ukatoka kupokea komunyo, ukaenda moja kwa moja sebuleni kwa Obedi kuzungumza na mizimu, bila hata kubadili nguo za kanisani.

Getruda alianza. Akataja mama yake, shangazi zake, na bibi yake aliyezaa mapacha. Mtoto akalia mpaka akabadilika rangi. Getruda akamrudisha, akasema labda ana masikio mabovu.

Pelagia akampokea. Alitaja mama yake mzazi, akataja mama mkwe, akataja hata wale ambao hakuwapenda. Kilio kilizidi kupanda. Majina yalikuwa yanakwisha, na baada ya mtoto huyu hakukuwa na mwingine wa kumtegemea. Akamweka begani, akampigapiga mgongoni, kisha akapaza sauti ile ile ya kuitia wateja Mwaloni:

"Pelagia!"

Mtoto akacheua, akanyamaza.

"Si mmeona!" alisema Pelagia, akisubiri vigelegele.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Shemeji mmoja akavua kofia. Getruda ndiye aliyesaidia, kwa furaha ambayo hakuificha vizuri.

"Pole, Mama Obedi. Si yanatajwa ya marehemu tu?"

Hapo ndipo Pelagia alipoelewa alichokifanya. Jina la aliye hai hutolewa na wazazi kwa hiari yao. Mtoto anayelia hudai la aliyekwisha kufa. Kwa tamaa yake alikuwa amejipanga mwenyewe katika foleni ya wafu, na mtoto akampokea. Aliogopa kweli, lakini hakutaka Getruda aone.

"Basi nimekufa," alisema, akimrudisha mtoto kwa Odeta na kukaa. "Chai ya msiba iko wapi? Getruda apike, maana maiti haikoki moto."

Walicheka, wakashika shughuli nyingine. Jina halikubadilishwa, kwani nani angependa kukirudisha kilio kile? Pelagia alipata alichokitaka, na alijiambia hivyo tena na tena huku akinywa chai iliyojaa sukari.

Obedi akaingia kutoka uani, akafuta mafuta ya injini mikononi, akainama.

"Mama, shikamoo," alisema kwa upole.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia Pelagia.

Obedi hakugeuka. Alikuwa akizungumza na mtoto.