Baba alivyomwonyesha Mama ugonjwa wake kwa kibofu cha fahali, Pate, miaka ya hamsini

Wakuu, salamu. Najua humu wengi ni wajukuu zangu, basi marahaba mapema.

Nina miaka themanini na kitu. Mjukuu wangu anayesomea udaktari wa mifugo ndiye anayenichapia. Sitatia chumvi, na nisichokijua nitasema sikijui.

Juzi alinisomea uzi wa jamaa aliyeambiwa ana saratani ya tezi dume, na mwezi mzima hajamwambia mkewe. Nikamkumbuka Baba.

Baba alikuwa mchinjaji, kisiwani Pate. Mimi nilikuwa mwari, kutoka nje kwa nadra, kwa hiyo ya nyumbani yote niliyasikia.

Mkojo ulianza kumtesa. Akaenda hospitali Mombasa, akakaa wiki tatu. Aliporudi hakueleza kitu. Alihamisha kitanda chake tu, akakiweka ukumbini.

Mama akaona ameshaelewa: ameoa Mombasa. Jirani yetu naye akachochea, "Mume hahami kitanda bure, Bi Zainabu."

Mama hakumuuliza. Alipika, akaandaa, akanyamaza. Nyumba yenye watu wawili walionyamaza nawaombea msiijue.

Kisha yakaja maneno kutoka machinjioni. Baba akichinja dume, anainama tumboni mwa mnyama, anapekua chini ya kibofu, anakata kidogo kidogo, anatazama. Wanunuzi wamesimama na vikapu.

Mmoja akamwambia, "Bwana, twangoja nyama. Umeangusha pete humo?"

Watu wakacheka. Baba akaendelea kupekua.

Ijumaa moja asubuhi akaingia na kitu kwenye jani la mgomba. Mama akadhani ni maini, akanyoosha mkono.

Kilikuwa kibofu cha fahali, na vipande vya nyama vimeshikana nacho shingoni mwake.

"Mbona waniletea uchafu?"

"Keti, Bi Zainabu. Ndicho kilichonipeleka Mombasa."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Sitadanganya, nilichungulia.

Baba alielekeza kwa ncha ya kisu. Mkojo wapita hapa. Hapa pana tezi, kila mwanamume anayo. Yangu imekuwa ngumu kama jiwe, na daktari asema ugonjwa umeshatoka umeingia mifupani. Hakuna cha kukata.

Mama aliinama karibu. Nilitarajia kilio. Badala yake akauliza, "Yako ni kubwa kama hii?"

"Hawakunionyesha. Ndiyo maana nimeitafuta. Siwezi kuuawa na kitu nisichokijua sura."

Mama akakigusa kile kinyama kwa kidole. "Yauma?"

"Usiku. Na nguo hulowa. Niliona haya kulala nawe."

Kisha Mama, "Kwa hiyo Mombasa huna mke?"

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kikageuka kilio, na Mama akamfuta mato kwa leso yake.

Siku hiyohiyo kitanda kilirudi chumbani. Baba aliishi mpaka Ramadhani ya pili. Maumivu hayakupungua, siwaambii uongo. Ila usiku nilikuwa nikiwasikia wakizungumza, na Mama ndiye aliyefua zile nguo, hakuniachia mimi.

Sasa kuna jambo. Nilipomsimulia huyu mjukuu wangu, aliacha kuchapa. Akaniuliza vile vinyama vilikuwaje. Nikamwambia viwili, vikubwa, vyenye mafundo kama kishada.

Akasema, "Bibi, hiyo siyo. Tezi dume ya fahali ni ndogo, imejibana hapo shingoni, hata kuiona ni kazi. Hizo ni tezi nyingine, jirani zake."

Tangu siku hiyo nawaza. Mama alikigusa kinyama ambacho hakikuwa na kosa lolote, akakihurumia. Baba alichinja miaka zaidi ya ishirini. Alipekua majuma mangapi? Je, alikosea? Au ile ndogo aliiona, akajua haionekani vizuri, akambebea Mama iliyo kubwa?

Sikijui. Wa kumuuliza wamelala wote wawili, Mungu awarehemu.

Kwa yule jamaa wa uzi ule: mwite mkeo, keti naye. Huna kibofu cha fahali, chora kwenye karatasi. Hata ukikosea mchoro.

Na ninyi wengine mliopewa jibu kama hilo hospitalini, nyumbani mlilitamka vipi? Andikeni hapo chini, mjukuu atanisomea. Nataka kujua kweli.