Jezi ya Manahodha Niliyoifua

Siku ya kwanza kazini nilipigwa na butwaa, na nataka mjue hivyo tangu mwanzo, ninyi mnaoingia kazi za hoteli mkidhani kufua ni kutia nguo kwenye mashine na kubonyeza kitufe. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka hamsini na sita. Nilikuwa nimefua maisha yangu yote. Niliwafulia wadogo zangu kule Morogoro, nikamfulia mume wangu, Msauzi aliyekuja kwetu uhamishoni, na tuliporudi naye kwao nikawafulia watoto wetu hapa mtaa wa Kensington, Johannesburg. Alipofariki ndipo nikatafuta kazi, nikaipata katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa ya hapa mjini, chini kabisa ya jengo, hakuna hata dirisha. Mlango ulipofunguliwa nikaona mashuka yamerundikana mpaka kifuani. Nikasema, "Mungu wangu, hawa watu wanalala mara ngapi kwa siku?"

Aliyenipokea alikuwa Msimamizi, mama wa Kizulu, miwani yake imening'inia kwenye mnyororo. Hakucheka. Sote tulimwita Ma. "Mama Neema," aliniambia, "hapa kwanza tunaangalia. Nguo isiyoangaliwa haiingii majini." Akanipa karatasi ya madoa. Hii ndiyo iliyokuwa Biblia yetu. Kila nguo ya mgeni ilibanwa kitambaa kidogo chenye namba ya chumba, halafu ukaigeuza ndani nje, ukaandika kila doa: liko wapi, ni la nini, ni mangapi. Ukikosea hesabu, mgeni akarudi akisema doa hili mmeweka ninyi, ulikuwa huna pa kushika.

Kwenye pasi ya mvuke alikuwepo Baba Furaha, Mkongo wa Bukavu anayeishi La Rochelle, mtaa mwingine wa hapa hapa mjini. Kiswahili chake na changu vilikuwa vinapishana kila siku. Yeye anasema "minasikia", mimi nasema "nimesikia", tunacheka, kazi inaendelea. Kifaransa alikuwa nacho cha shule, na mtaona kilivyotufaa.

Mimi sifa yangu ilikuwa wino. Nisijisifu? Nijisifu! Wino wa kalamu ya kawaida ulitoka kwa spiriti, unaugonga kwa pamba, husugui. Wino wa zamani ulitaka ndimu na chumvi, kisha mvuke. Niliujifunza kwa watoto wangu. Hapa Sauzi wanafunzi wa darasa la mwisho, siku ya mwisho ya shule, huandikiana majina kwenye mashati meupe, kila mmoja anasaini shati la mwenzake mpaka linakuwa kama ukuta wa choo cha shule. Mtoto anafurahi, mama analia, kwa sababu shati lile lilikuwa livaliwe na mdogo wake mwakani. Mtaa mzima waliniletea mimi. Hakuna shati lililonishinda.

Basi, mwaka wa tatu wa kazi yangu ikaja timu. Ilikuwa timu ya taifa ya nchi moja ya Afrika Magharibi, nchi ndogo inayosema Kifaransa. Jina lake silitaji, nitawaeleza baadaye kidogo kwa nini naona haya. Walikuja kucheza na timu ya hapa, wakakaa ghorofa ya nne yote. Asubuhi ya mechi, saa moja, mhudumu wa vyumba akateremka na kapu lake. Sheria ya hoteli ilikuwa moja: mfuko wa nguo ukining'inia kwenye kitasa cha mlango, unachukuliwa, unafuliwa, haulizwi mtu. Mfuko mmoja ulitoka chumba cha mtunza vifaa wao. Ndani kulikuwa na fulana moja tu, nyeupe, ya mikono mirefu, pamba nzito ya kizamani. Nikaigeuza ndani nje. Weee! Sahihi tupu! Wino wa bluu, mweusi, mwingine umekuwa kahawia kwa uzee, mwingine umevuja.

Nikacheka peke yangu. Nikamwambia Baba Furaha, "Angalia vijana wa mpira walivyochezeana, kama watoto wa shule." Nikavaa miwani, nikahesabu, nikaandika kwenye karatasi: wino, ndani, madoa kumi na saba. La kumi na saba lilikuwa dogo sana, limejificha kwapani. Kisha nikaingia kazini. Nilitumia saa mbili na nusu. Doa moja katikati ya kifua, lililovuja kama chozi la mshumaa, lilinipa kazi nusu saa peke yake, na lilipotoka nikapiga vigelegele. Nikaitundika mbele kabisa ili mwenyewe akija aione.

Saa nne akaja. Mzee wa miaka sabini hivi, mwembamba, viatu vya mpira, suti ya mazoezi ya timu imempwaya. Nikasimama nikitabasamu, nangoja kusifiwa. Nikaishika fulana kwa ncha za vidole, nikamgeuzia upande wa ndani. Nyeupe pee!

Yule mzee hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuja taratibu, akaweka kiganja ndani ya fulana, akapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akaketi juu ya kapu la taulo chafu. Akasema neno moja la Kifaransa. Nikamwangalia Baba Furaha. Baba Furaha alikuwa ameiacha pasi juu ya shuka, na shuka linaungua.

"Amesema nini?"

"Amesema, wamekufa mara ya pili."

Hapo ndipo tulipoelezwa, mzee akisema, Baba Furaha akinitafsiria. Jina lake lilikuwa Gaspard, wachezaji walimwita Tonton, yaani mjomba. Fulana ile ilikuwa jezi ya timu yao ya kwanza kabisa. Kila nahodha, siku anayokabidhiwa timu, huandika jina lake ndani yake, kwa mkono wake. Haifuliwi. Asubuhi ya kila mechi hutundikwa kwenye mlango wa mtunza vifaa, na wachezaji wakienda kunywa chai wanapita wakiigusa mmoja mmoja. Asubuhi ile Tonton aliona mfuko safi chumbani, akaona ni heshima kuitia humo kuliko kuiacha wazi. Akautundika kwenye kitasa. Akaenda kuoga, na alipotoka mfuko haukuwepo. Mimi na sheria yangu ya hoteli, yeye na mila yake, mlango ni uleule mmoja.

Jamani, nilitaka ardhi ipasuke. Wachezaji walikuwa bado hawajashuka kunywa chai. Wangepita pale mlangoni wasiione. Basi la kwenda uwanjani lilikuwa linaondoka saa saba, na huyu mzee angesimama mbele yao awaambie jezi ya baba zao imesafishwa na mama mmoja kwa ndimu.

Msimamizi akaingia, akaelezwa. Akavua miwani. "Eish, Mama Neema. Umefanya nini?"

"Nimefua, Ma."

"Umefua!" Akageuka, akampigia simu Meneja. Meneja akateremka, kijana wa tai, ana fomu ya malalamiko mkononi, akamwambia mzee kwa heshima zote kwamba akijaza tu, mhusika ataondolewa kazini leo leo. Mhusika ni mimi, nimesimama pale na aproni yangu, machozi yananitiririka. Nilikuwa nimebakiza chini ya miaka miwili nistaafu.

Tonton aliitazama ile fomu, akairudisha. Akamwambia Baba Furaha kitu kirefu.

"Anasema fomu haitaandika upya jina la mtu hata mmoja. Anauliza, Mama, unajua kushona?"

Najua kushona! Tulikuwa na uzi wa alama, uzi mwekundu usiochuja tunaotumia kutia majina kwenye sare za wafanyakazi. Nikaketi. Msimamizi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona ameketi zamu nzima, akavuta kiti akaketi upande wa pili, akatunga sindano yake. Yeye akashika mkono wa kushoto wa jezi, mimi nikashika kifua. Tonton akaanza kutaja.

Wa kwanza alikuwa Barnabé, mfanyakazi wa reli. Uhuru ulikuwa na miezi michache tu, na timu haikuwa na jezi, kwa hiyo wake za wachezaji walizishona wenyewe kwa mashuka ya hospitali. Nikasema, "Nilijua! Nilipoishika tu nilijua hii ni pamba ya shuka!" Kisha nikaona aibu, nikainama. Wa pili, Lamine, golikipa, aliandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulivunjika katika mechi yake ya kwanza. Wa nne aliwekwa ndani kwa kukataa kupeana mkono na mkubwa mmoja baada ya timu kushindwa mechi, na picha zake zikaondolewa kila mahali. "Jina lake lilibaki humu tu," Tonton alisema, na sindano ikanichoma kidole.

Baada ya wa tano akatuambia turuke nafasi ya vidole vitatu. Miaka ile timu ilivunjwa, uwanja ukalimwa mahindi. Wa sita alipokuja kuandika aliacha pengo kwa makusudi, ili wajao wajue kulikuwa na wakati ambao hapakuwa na kitu. Tukaruka. Tulipofika wa tisa, akaweka kidole katikati ya kifua. Huyo ndiye aliyefunga bao lililowapeleka Kombe la Afrika mara ya kwanza, na ndiye aliyekosa penalti iliyowarudisha nyumbani. Wenzake hawakumlaumu, walimpa unahodha. Aliandika jina huku analia, na wino ukavuja.

Lile doa la nusu saa. Lile nililolipigia vigelegele. Nilitoka nje, nikajiegemeza ukutani, nikarudi nikaendelea kushona.

Saa sita u nusu tukafunga uzi wa jina la kumi na sita, la nahodha wa sasa. Nikachukua karatasi ya madoa kuhakikisha, kama nilivyofundishwa. Kumi na saba. Nikamwambia Baba Furaha, "Muulize, limebaki moja. La kwapani."

Mzee akaitazama karatasi kama vile imemtukana. "Hilo liache," alisema. Nikamwambia siwezi kuliacha, nimeliandika mwenyewe, mkono wangu huu. Ndipo akasema, sauti imeshuka, na Baba Furaha naye akashusha yake. Hilo lilikuwa jina lake. Hakuwahi kuwa nahodha. Hakuwahi hata kucheza. Ujanani aliitwa timu ya taifa mara moja, akakaa benchi dakika zote tisini, kisha goti likaharibika, wakampa kazi ya kubeba mifuko. Siku moja, yuko peke yake na jezi, aliandika jina lake kwapani, herufi ndogo ndogo. Miaka zaidi ya thelathini aliishi na hofu kwamba siku moja mtu ataliona.

"Hilo moja, Mama, ulifanya vizuri kulifua."

Nikaikunja ile karatasi ya madoa. Msimamizi alikuwa bado na uzi mdomoni. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia nahodha mwenyewe, kijana mrefu mpaka akainamia fremu ya mlango. Alikuwa ameambiwa juu mapokezi. Aliichukua jezi, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kila jina, moja moja. Alipomaliza akainua mkono wa jezi, akatazama kwapani. Akakunja uso.

"Tonton, lako liko wapi?"

Mzee akasawijika. "Langu lipi?"

"Lako. Lilikuwa hapa." Baba Furaha alikuwa ananinong'oneza tafsiri. "Siku niliyokabidhiwa, nahodha wa kabla yangu alinionyesha. Na yeye alionyeshwa na wake. Tunaambiwa: andika popote, lakini hapa usiandike, hapa ni pa Tonton."

Sijawahi kuona mtu mzima akishtuka vile. Aliponijia mimi asubuhi na kukuta jezi nyeupe tupu hakushtuka namna ile. Nahodha akanilazia jezi mapajani, akanyoosha kwapa kwa vidole viwili, akanisubiri. Nikashona. Gaspard, ukubwa uleule wa wengine, mwekundu uleule. Dereva wa basi alipiga honi mara tatu, na hakuna aliyeinuka mpaka nilipokata uzi.

Nilistaafu 2019. Msimamizi alinifanyia keki, na kwenye hotuba yake fupi alisema Mama Neema hakuwahi kushindwa na wino, watu wakacheka, mimi na yeye hatukucheka. Wajukuu zangu, wanaonielewa Kiswahili lakini wananijibu kwa Kiingereza na Kizulu, huniuliza mechi iliishaje. Walifungwa mbili bila. Kwa hiyo nanyi mnaoanza, karatasi ya madoa ijazeni vizuri, lakini mkikuta jina la mtu, pandeni ngazi, gongeni mlango, mumuulize mwenyewe. Mimi sikupanda. Ghorofa nne tu, na lifti ilikuwepo. Hilo bado linanitia haya, ndiyo maana nchi yao siitaji.

Siku ile tuliwasindikiza mpaka kwenye basi, mimi na Baba Furaha. Tonton alipanda ngazi ya kwanza, akasimama, akateremka tena. Akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa bado yametoka.

"Walikuwa wanalisoma, Mama," alisema. "Miaka yote ile. Wote walikuwa wanalisoma."